Kila Ngao na Ng'ombe Yake

Saa nne usiku, keja imetulia. Jirani amezima woofer, mathe wa chapo hapo nje ashafunga, na mi nimewasha taa ya meza. Mbele yangu kuna msee wa milimita 28, nimemgandisha kwa kifuniko ya soda ndio asiteleze. Ameshika upinde, mishale iko mgongoni. Huyu ni mpiga mishale wa Kush, ule ufalme wa kando ya Nile, pande zenye leo tunaita Sudan. Uso wake hauzidi ndengu moja. Usiku wa leo nampea macho.

Wasee wengi wakicheki meza yangu huuliza ka ni toi za watoi. Hapana. Hii ni game ya vita inachezwa kwa meza, bila skrini na bila pad. Mko wawili, kila mtu na jeshi yake, dice, futi ya kupima, na sheria zenye mmekubaliana. H.G. Wells, yule Mwingereza aliandika story ya mashine ya kusafiri kwa wakati, alitoa kitabu ya sheria za hii game 1913, ikaitwa Little Wars. Baadaye wasee wakazama kwa vita za kitambo sana: Misri, Roma, Carthage, Uajemi. Alafu 1990 Phil Barker na wenzake wakatoa De Bellis Antiquitatis, wengi huiita tu DBA. Hapo jeshi nzima ni vibao 12 pekee. Hannibal wa Carthage na ndovu zake wanatoshea kwa kopo ya ice cream, na msee hana haja ya kuuza figo ndio acheze.

Lakini hizi sanamu hukuja bila rangi. Nyingi hutengenezewa Uingereza, hasa pande za Nottingham, chuma tupu ama plastiki ya kijivu. Kuwapa ngozi, nguo na macho ni kazi yako. Na hapo ndio roho yangu iko.

Jeshi ya mbao ya Asyut

Cheki hii. Miaka ka 4,000 iliyopita, mji wa Asyut huko Misri ulikuwa na gavana anaitwa Mesehti. Alipozikwa, waliweka kwa kaburi yake majeshi mawili ya mbao, yamepakwa rangi. Moja ni wapiga mishale 40 wa Nubia, pande zile zile za Kush, ingine ni Wamisri 40 wa mikuki. Kila jeshi imejipanga wanne wanne, safu kumi, mguu wa kushoto mbele. Ziko kwa makumbusho huko Cairo.

Mi nimezicheki kwa picha hadi nikazikariri. Wanubi wamepakwa weusi zaidi, macho meupe yamefunguka, vitambaa viunoni, kila mmoja na upinde wake na mishale mkononi. Wamisri waliita nchi ya hao Wanubi Ta-Seti, nchi ya upinde. Lakini chenye kilinishika ni ngao za wale wa mikuki. Ngao zilikuwa za ngozi ya ng'ombe, na fundi alizipaka madoa. Ukipita safu moja moja, madoa hayafanani. Hii ni nyeupe na mabaka meusi, ile ni ya kahawia, ingine imenyunyiziwa vidoti. Hata urefu wa wasee unatofautiana, vile watu huwa kwa foleni ya mat.

Huyo fundi hatujui jina yake. Lakini alijua kitu moja: hakuna ng'ombe mbili zinafanana, kwa hivyo hakuna ngao mbili zinafanana, na msee wa kubeba ngao hawezi kuwa kopi ya jirani yake.

Nilienda kusoma ng'ombe

Jeshi yangu ya kwanza nilikosea hapo. Ngao zote nilizipiga kahawia moja, nikaona nimemaliza. Ukizipanga kwa meza zinakaa vigae vya paa.

Strabo, Mgiriki aliandika kuhusu vita za Kush na Roma zikiwa bado fresh, anasema Wakush walibeba ngao kubwa za ngozi mbichi ya ng'ombe, na silaha za shoka, mikuki na panga. Sasa ngozi mbichi inakuja na manyoya yake na rangi yake. Na mi naishi Nairobi. Kiangazi ikikaza, Wamaasai huingiza ng'ombe hadi tao, unapata kundi nzima inakula nyasi kando ya barabara kubwa ka hakuna magari. Nilisimama hapo nikapiga picha moja baada ya ingine. Kumbe nyeupe ya ng'ombe ina krimu ndani. Kumbe doa jeusi pembeni huwa na uzi wa kahawia mahali linakutana na nyeupe. Kumbe kuna zile zimejaa vidoti shingoni alafu vinaisha polepole kuelekea mgongo.

Juu kando ya Nile, Wanuer na Wadinka wana majina mob ya rangi za ng'ombe, kila mchanganyiko na jina lake. Hiyo ilinifunza kucheki kabla ya kupaka. Siku hizi ngao ya milimita kumi inanichukua nusu saa: krimu kwanza, alafu mabaka kwa brashi haina maji mengi, alafu ule uzi wa kahawia pembeni, mwisho vistari vidogo sana vya manyoya. Kila ngao na ng'ombe yake.

Ukitaka kuanza

Osha sanamu na sabuni ya vyombo, ju huja na mafuta ya kiwandani na rangi haitashika. Kwangua ile mistari ya kalibu na kisu pole pole. Piga spre nyeusi ama kijivu isiyong'aa, ile ya hardware, na upigie nje ju harufu ni noma. Wacha ikauke.

Brashi usijisumbue sana. Nyembamba za kuanzia niliziokota kwa maduka ya wasee wa kucha, zile wanachoreanga maua kwa kucha. Ncha ikikaa moja, uko sawa. Rangi ni akriliki ya maji. Na sheria ya kwanza: ongeza maji. Safu mbili nyepesi zinashinda moja nzito kila siku. Rangi nzito inazika pua, inazika mdomo, unabaki na msee hana sura. Ndio isikauke haraka, chukua kifuniko ya kopo, weka tishu imelowa maji, juu yake karatasi ya kuokea keki, uchanganyie hapo.

Umeharibu? Usitupe. Ka ni ya chuma, iloweshe kwa Dettol ile ya kahawia usiku mzima, alafu vaa glavu uisugue na mswaki mzee ukitumia Dettol hiyo hiyo. Maji yakiingia mapema, rangi inageuka gundi. Ikishatoka yote ndio usuuze. Na usirambe brashi, na unawe mikono, ju sanamu za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani.

Ngozi yetu

Sasa hapa nitaongea na roho yote. Kuna wasee hupaka Wanubi nyeusi ya chupa moja, wakaachia hapo. Inaniuma. Weka mkono wako chini ya taa ucheki. Kwa vifundo vya vidole kuna wekundu. Mahali kivuli iko kuna zambarau. Juu ya bega jua likipiga kuna dhahabu.

Kwa hivyo naanza na kahawia nzito yenye tone la bluu. Ikikauka, naleta kahawia yenye wekundu kwa mashavu, paji la uso, mabega na magoti. Mwisho kabisa, mwanga kidogo puani na kwa vifundo, na huo mwanga nauchanganya na rangi ya chungwa. Ukitumia nyeupe, msee anakaa hajajipaka mafuta wiki mbili.

Macho ndio ya mwisho. Unapumua nje, unashika pumzi, viwiko viko kwa meza, mikono miwili inagusana. Mstari mmoja mweupe. Alafu kidoti. Ukikosea unarudia na kahawia, bila hasira. Ikikubali, kuna sekunde moja msee anakuangalia, na unajua ashafika.

Sanamu ya malkia wangu wa Kush ina jicho moja. Roma ilikuwa imechukua Misri mwaka wa 30 kabla ya Kristo, na miaka michache baadaye Wakush wakashuka na Nile, wakapiga Aswan, wakabeba sanamu za Augusto, mtawala wa Roma. Warumi wakalipiza, wakaingia hadi Napata, mji wa Kush. Strabo anasema malkia wa Kush alikuwa kipofu wa jicho moja. Wanahistoria wengi wanasema ni Amanirenas. Mwishowe Augusto aliwasamehe Wakush kodi. Na 1910, wachimbaji huko Meroe, mji mwingine wa Kush, wakapata kichwa cha shaba cha Augusto kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, mahali kila mtu wa kuingia angemkanyaga. Leo kiko British Museum, na macho yake ya glasi na mawe bado yanaangalia. Strabo hakusema ni jicho gani la malkia, so nilimfunga la kushoto. La kulia nililipaka mara nne hadi likakaa linajua kenye linafanya.

Game yenyewe inaisha kwa lisaa moja. Vibao vinasukumwa, dice zinaanguka, wa nyuma wanafichwa na wa mbele. Beshte yangu wa kucheza na yeye aliwahi niuliza mbona napoteza usiku kwa safu ya nyuma na hakuna mtu huiona. Nilimwonyesha picha ya Asyut. Kaburi ilifungwa giza, na fundi alijua hakuna macho ya mtu yatarudi kucheki. Na bado wa safu ya kumi ako na ngao yake, na ng'ombe yake, madoa yake peke yake.

Kidoti kimekauka. Namtoa kwa kifuniko, namweka nyuma kabisa, mahali pake.