Sisimizi kwenye kizimba cha vinyonga: weka bomba chini kwanza

Leo tunatoka kidogo kwenye nyanya na kuku.

Masika yalipoanza, jioni moja alinipigia kijana wa huku kwetu Usambara. Anafuga vinyonga wa pembe tatu, kibali anacho, watalii wanalipa kiingilio kuja kuwaona. Vizimba amevipanda ferni na vichaka, kumependeza kweli. "Bwana shamba, sisimizi wamejaa, halafu kuna vijidudu vyeusi kama mbu vinaruka kila nikimwagilia. Nipulize nini?"

Nikamtajia dawa, tena na kipimo cha bomba la lita 20, kama ninavyowajibu watu wa nyanya. Nilipokata simu ndipo nikajiuliza: hivi kinyonga anakula nini? Nikampigia mara tatu, hapokei. Ya nne akapokea, bomba tayari liko mgongoni. Nikamwambia liweke chini. Kosa lilikuwa langu, siyo lake.

Kwenye nyanya unapuliza, unasubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo, ndipo unavuna. Kinyonga anavuna kila siku. Anameza mdudu aliyetembea juu ya dawa, na maji yake ya kunywa ni matone ya kwenye majani yaleyale uliyopuliza. Na msiniletee hoja ya "dawa ya asili". Pareto ni ya asili, lakini kazi yake ni kuua wadudu, na nyenje unaomlisha kinyonga ni mdudu.

Asubuhi nikapanda pikipiki, nikaenda kuangalia.

Sisimizi walikuwa na sababu ya kuja. Jamaa alikuwa anamwaga nyenje kizimbani kwa kiganja, wanaobaki wanafia chini, na sisimizi wanafuata mizoga. Wale wasiokufa ni hatari zaidi, maana usiku nyenje mwenye njaa humtafuna kinyonga aliyelala. Sasa analishia kwenye bakuli refu lenye kuta laini, anahesabu wanaoingia, na kabla ya giza anatoa waliobaki. Waliojificha anawatega kwa kipande cha karoti.

Kisha tukaweka kila mguu wa meza ya kizimba ndani ya kopo lenye maji na matone machache ya sabuni. Hakikisha hakuna tawi wala waya unaogusa ukuta, la sivyo umewajengea daraja. Makopo yakaguliwe kila siku, hasa msimu wa mvua siafu wanapohama. Aliyewahi kukuta banda la kuku baada ya siafu kupita usiku hahitaji maelezo. Wakishaanza kuingia, beba mnyama umtoe, mengine baadaye.

Vile vyeusi vinavyoruka ni tatizo la maji. Funza wake wanaishi kwenye udongo wa juu uliolowa, wanakula ukungu na mizizi michanga. Hapa ndipo wengi wanakwama: kinyonga anataka majani yenye matone, wewe unaloweka na udongo. Nyunyizia majani kwa ukungu mwembamba, na chini weka kokoto na matundu ili maji yatoke. Acha sentimita 2 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena. Hawataisha kesho, kwa sababu mayai na funza tayari wamo udongoni. Kwa kijana huyu ilichukua kama mwezi, na hata sasa wawili watatu huwaoni wakikosekana. Si neno, kinyonga mdogo anawala.

Siyo kila kinachotembea humo ni adui. Ukiinua majani makavu ukaona vijidudu vyeupe vidogo sana vinarukaruka, viache. Vinakula ukungu na uchafu, ni vibarua wasiodai mshahara. Utitiri wa kwenye ngozi ya mnyama, vidoa vinavyotembea karibu na macho, huo ni habari nyingine. Muone daktari wa mifugo, usijaribu mwenyewe.

Makoa tunayatega kwa kipande cha tango chini ya kibao, asubuhi unayaokota. Vile vidonge vya kuulia konokono visikaribie kizimba, ni sumu kwa wanyama pia. Chumvi nayo itakuulia ferni.

Mengi ya haya huingia na mche mpya. Muulize wa kitalu alipuliza nini na lini, maana kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea, haziondoki kwa kuosha. Asipojua, usinunue. Akijua na ni salama, ondoa udongo wote wa kitalu, osha mizizi na majani, panda kwenye udongo wako, kisha uuweke nje ya kizimba wiki 4 ukiuangalia. Kijana wangu miche yake alikuwa anaitoa sokoni na kuiingiza siku hiyohiyo, na udongo wake wote.