Kipimo Kabla ya Alama: Namna ya Kupima Vitabu kwa Haki katika Uhakiki

Miongoni mwa kazi za mhakiki, iliyo ndogo kwa maneno na kubwa kwa athari ni kutoa alama. Kurasa tano za uchambuzi zaweza kusahauliwa kabla ya jua kutua, lakini namba iliyo mwishoni hukumbukwa: kitabu fulani kilipata 8, kingine kilipata 16. Msomaji aliyepitia vyuo vya Kongo huielewa namba hiyo upesi kuliko maelezo, kwa kuwa yeye mwenyewe amepimwa miaka mingi juu ya 20, na anajua kwamba chini ya 10 ni kushindwa. Kwa hiyo mhakiki anayeandika 9 chini ya jina la kitabu hatoi maoni tu. Anakifelisha mbele ya watu. Maktaba yenye fedha chache haitakinunua, mwalimu hatakiweka katika orodha ya masomo, na mwandishi ambaye pengine alilipia uchapaji kwa fedha zake atafikiri mara mbili kabla ya kuandika cha pili.

Ugumu wa jambo hili hautoki katika namba yenyewe. Unatoka katika kipimo ambacho mhakiki hakukitaja, na mara nyingi hakukichagua, alikirithi. Makala hii inajadili vipimo vinavyorithiwa hivyo, hasa pale ambapo kitabu kinachopimwa kimeandikwa katika Kiswahili cha Kongo.

Mapokeo ya uhakiki wa Kiswahili, hususan yale yaliyositawi katika vyuo vya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, yameizoeza mikono ya wengi kuigawa kazi ya fasihi katika sehemu mbili: fani na maudhui. Mgawanyo huo una faida zake za kufundishia. Lakini mwanafunzi anapoambiwa apime kitabu, aghalabu huugeuza kuwa hesabu: fani 10, maudhui 10, kisha hujumlisha. Hapo ndipo haki inapoanza kupotea. Riwaya iliyopata 4 katika fani na 9 katika maudhui hupata 13. Riwaya nyingine iliyopata 6 na nusu huku na 6 na nusu kule hupata 13 vilevile. Ya kwanza ni kazi yenye jambo zito lililosemwa kwa shida. Ya pili ni kazi ya wastani isiyoudhi wala kusisimua. Namba moja imevifunika vitabu viwili visivyofanana hata kidogo, na msomaji hana njia ya kujua.

Kujumlisha kuna kasoro nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo huonekana katika vitabu vya kiada. Tuseme kitabu cha sarufi kina karatasi safi, michoro mizuri, mazoezi mengi na bei nafuu, lakini jedwali lake la ngeli linamfundisha mtoto kwamba wingi wa “ukuta” ni “makuta”. (Wazee watacheka, maana makuta walikuwa nayo mfukoni enzi za Zaire, zilikuwa sarafu, si kuta.) Mhakiki anayejumlisha atatoa alama nzuri za sura, mazoezi na bei, kisha atapunguza kidogo kwa makosa ya jedwali, na kitabu kitapita kwa 14. Hiyo si haki kwa mwalimu wa Kalemie au Kolwezi atakayekitumia bila kitabu cha pili cha kulinganisha. Katika sarufi, usahihi si sifa mojawapo kati ya sifa tano, ni sharti. Kitabu kisichotimiza sharti hakiwezi kukombolewa na uzuri wa mahali pengine, na ni heri mhakiki aseme hivyo waziwazi kuliko kuficha hukumu yake ndani ya wastani.

Kutokana na hayo, swali la kwanza la mhakiki lapasa kuwa hili: kitabu hiki kimeahidi nini, na kimemwahidi nani? Mfano unaojulikana katika fasihi ya Kiswahili ni diwani ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Kichomi, iliyotolewa mwaka 1974. Miaka ishirini kabla yake, mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichoeleza kanuni za vina na mizani kwa utaratibu uliofuatwa na wengi. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya Kichomi haistahili hata kuitwa ushairi, na wapo waliosema hivyo katika mabishano makali yaliyofuata. Lakini Kezilahabi hakushindwa kupatanisha vina. Aliviacha kwa makusudi. Kumnyima alama kwa sababu ya vina ni sawa na kumlaumu mfinyanzi kwamba chungu chake hakielei majini. Mhakiki ana haki ya kuukataa mradi wa mshairi, na ana haki ya kusema kwamba ushairi usio na vina humnyima msomaji wa Kiswahili ladha aliyoizoea. Hiyo ni hoja, nayo ijibiwe kwa hoja. Isijigeuze kuwa tarakimu yenye sura ya kipimo kisichopendelea.

Pia kitabu kimoja kinaweza kustahili hukumu mbili kwa wasomaji wawili. Riwaya ya Kezilahabi ya Rosa Mistika (1971) ilizuiwa shuleni kwa muda nchini Tanzania kwa sababu ya yale iliyoyaeleza kuhusu maisha ya msichana, na baadaye ikasomeshwa. Swali la kama inafaa kwa darasa fulani na swali la kama imeandikwa vema ni maswali mawili. Mhakiki anayeyachanganya hutoa alama ya katikati isiyojibu lolote kati ya hayo.

Mfano wenye uzito zaidi kwa wasomaji wa Kongo uko karibu zaidi. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa Élisabethville kabla ya kuitwa Lubumbashi mwaka 1966, André Yav aliandika kijitabu kwa jina la chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, yaani maboi wa zamani wa Wazungu. Kiliitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa. Matini ni ya Kiswahili, Kiswahili cha mji huo kama kilivyosemwa na watu wake. Licha ya jina lake, si orodha ya msamiati. Ni historia ya mji na ya kazi iliyofanywa humo, ikisimuliwa na wale waliopika, waliofua na waliosikia mazungumzo ya mabwana wao mezani. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alikitoa tena kwa tafsiri ya Kiingereza na ufafanuzi, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Hebu mwanafunzi wa lisansi aliyefunzwa kwa vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi apewe matini ya Yav aipime juu ya 20. Kalamu nyekundu haitapumzika. Kiswahili cha Lubumbashi kina “batoto” mahali pa “watoto”, na “kitabu yangu” mahali pa “kitabu changu”. L na r hupokezana. Katika maandishi ya Yav maneno hukatwa yasipotazamiwa kukatwa, na huunganishwa yasipotazamiwa kuunganishwa, hata neno lilelile likaandikwa kwa namna mbili. Kwa kipimo cha Kiswahili sanifu, alama ya lugha itakuwa 2 au 3. Aya nazo hazipangiki kama insha ya shule. Huenda jumla ikafika 7, na mwanafunzi atakuwa ametimiza kila alichoagizwa.

Kilichokosewa hapo ni nini? Kwanza, makundi mawili ya mambo yamehesabiwa kama kundi moja. “Batoto” si kosa la uandishi. Ni umbo la kawaida la lahaja, lenye kanuni yake, na asemaye “watoto” sokoni Kenya au Katuba ndiye anayejitenga na wenzake. Kugawanya maneno kwa namna inayobadilikabadilika ni jambo jingine. Lahaja hiyo haikuwa na othografia iliyokubaliwa, wala hapakuwa na shule iliyomfundisha Yav kuiandika. Mtu hawezi kuvunja kanuni ambayo haikuwepo. Hata hivyo haifai kudai kwamba jambo hilo halina athari: matini inasomeka kwa shida. Ndiyo sababu Kalundi Mango aliisoma kwa sauti ili maneno yasikike upya na mipaka yake ijulikane. Njia hiyo yafaa izingatiwe na kila mhakiki wa maandishi ya namna hii. Lililo vurugu kwa jicho huenda likawa sentensi timamu kwa sikio, na mhakiki ambaye hajasoma kwa sauti bado hajamaliza kusoma.

Pili, ahadi ya kitabu haikuulizwa. Yav na wenzake hawakuahidi kielelezo cha lugha sanifu wala riwaya yenye mtiririko. Waliahidi kumbukumbu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa na mwingine yeyote, katika lugha ambayo wao wenyewe waliielewa. Kwa kipimo hicho kijitabu kinapanda juu sana. Lakini kipimo hichohicho kinadai pia. Mahali ambapo simulizi, kama historia, inapotofautiana na hati au na masimulizi mengine, mhakiki aseme. Mahali ambapo uvumi umesimama pamoja na jambo lililoshuhudiwa, aoneshe. Kumpima Yav kama mwanahistoria ni kumpa heshima kubwa kuliko kumsamehe kama mtu asiyejua kuandika.

Hapa ndipo linapotokea kosa la upande wa pili, ambalo katika vyuo vya Kongo pengine limeenea kuliko ukali: alama ya huruma. Kitabu cha Kiswahili kilichotungwa na Mkongomani ni nadra, na mhakiki, kwa furaha ya kukiona, hukipa 15 kabla ya kufungua ukurasa wa kumi. Nia ni njema. Matokeo yake ni kwamba mwandishi haambiwi kuwa sura yake ya tatu inarudia ya pili, na mwandishi mwingine aliyefanya kazi kwa bidii zaidi hupata 15 ileile. Mbaya zaidi, msomaji wa nje hujifunza kuzipunguza kimoyomoyo alama zote zinazotolewa Kongo. Huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovaa nguo ya sherehe.

Kuhusu lugha, basi, mhakiki atenganishe aina tatu za kasoro kabla ya kuzihesabu. Zipo za mpiga chapa, ambaye pengine hajui Kiswahili: herufi zilizorukwa, kurasa zilizopangwa vibaya. Hizo zitajwe, lakini zielekezwe kwa mchapishaji. Yapo maumbo ya lahaja, ambayo yana haki yake ikiwa mwandishi ameichagua lahaja na kuishika. Na yapo makosa ya mwandishi mwenyewe: anayetangaza katika dibaji kwamba anaandika Kiswahili sanifu, kisha akaandika “kitabu yangu” ukurasa wa 12 na “kitabu changu” ukurasa wa 13, amevunja ahadi yake mwenyewe na astahili kupunguziwa. Mara nyingine mipaka haiko wazi. Mhusika anayesema Kiswahili cha mtaani ndani ya riwaya ya Kiswahili sanifu huonesha usanii. Msimulizi anayeteleza kuingia humo bila sababu huonesha uzembe. Kati ya hao wawili hakuna jedwali litakaloamua. Itamlazimu mhakiki asome sentensi zinazotangulia.

Yako pia mambo ya utaratibu. Uhakiki uandikwe kwanza, namba ifuate. Anayeanza na namba huandika utetezi wake. Kitabu kisipimwe siku ileile mhakiki aliyofunga kitabu bora cha Shaaban Robert, maana karibu chochote kitaonekana kimepooza. Jumuiya ya Kiswahili katika vyuo vya Kongo ni ndogo, na mara kwa mara mhakiki hukabidhiwa kitabu cha mwalimu aliyesimamia tasnifu yake au cha mwenzake wa ofisi moja. Njia za uaminifu ni mbili tu: kukataa kwa adabu, au kuutaja uhusiano huo katika aya ya kwanza. Pale inapowezekana, msomaji wa pili apime bila kuijua alama ya wa kwanza. Ikitokea mmoja akatoa 8 na mwingine 15, wasikimbilie 11 na nusu. Waulizane kila mmoja alikuwa anapima nini. Mara nyingi itaonekana kwamba walisoma kwa niaba ya wasomaji wawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchapishwa.

Kwa jarida dogo, dawa rahisi ni mstari mmoja juu ya alama, unaotaja kitabu kimepimwa kama nini, kwa msomaji yupi, na ni jambo gani lililochukuliwa kuwa sharti. Kwa toleo la 1990 la kijitabu cha Yav, mistari miwili ingehitajika. Wa kwanza ungesema kwamba matini ya 1965 imepimwa kama ushahidi wa kihistoria ulioandikwa katika Kiswahili cha Lubumbashi, pasipo othografia ya kuilinganisha nayo. Wa pili ungesema kwamba kazi ya wahariri imepimwa peke yake, kwa uaminifu wa usomaji wao na wa tafsiri. Chini ya mistari hiyo kungebaki nafasi ya kueleza kwamba toleo hilo lilichapwa Ulaya, na tafsiri yake ni ya Kiingereza, hata wajukuu wa maboi wa Élisabethville ni wachache waliowahi kulishika mkononi. Hilo halimpunguzii Yav alama yoyote, bali anayesoma uhakiki mjini Lubumbashi ana haki ya kulijua.