Kobe wa Maji Katika Bustani ya Nyumbani

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, zinapojaza madimbwi na mabwawa ya Ukambani, hutokea mnyama mmoja ambaye wengi wetu tumemwona tangu utoto, lakini ni wachache wanaomjua vema. Huyo ndiye kobe wa maji. Mtu mwenye bustani nyuma ya nyumba hapa Machakos aweza kutamani kuchimba kidimbwi na kumweka humo, ili watoto wapate kumtazama. Tamaa hiyo si mbaya, lakini yafaa kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe, kisha tuitazame sheria, na mwisho tupime maji yetu.

Tabia zake

Kobe wa maji si sawa na kobe wa nchi kavu, wala si sawa na kasa wa baharini. Gamba lake ni la bapa, na vidole vyake vina ngozi katikati kwa ajili ya kuogelea. Kobe wa nchi kavu akiogopa huvuta kichwa moja kwa moja ndani. Huyu hukunja shingo upande na kuificha chini ya ukingo wa gamba. Ukimshika hutoa harufu mbaya sana, na hiyo ndiyo silaha yake.

Hali majani peke yake. Hula wadudu, vyura, viluwiluwi, samaki wadogo na hata mizoga. Kwa hiyo mtu atakayemweka pamoja na samaki wake asishangae akiona samaki wanapungua.

Jambo la ajabu zaidi ni jinsi anavyovumilia kiangazi. Dimbwi likikauka, hujifukia katika tope na kungoja kwa miezi. Mvua ikirudi hutoka, na mara nyingi husafiri kwa miguu hadi dimbwi jingine. Kwa desturi hiyo anafanana na nchi yetu yenyewe, maana katika mito ya Ukambani maji hujificha chini ya mchanga wakati wa jua, na watu huyachimbua.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba kobe hawa wote, tangu Afrika ya Kusini hadi Yemeni, ni wa aina moja. Mwaka 2014 walipochunguza vinasaba vyao waligundua kwamba ni aina nyingi, yapata kumi. Mmoja wao, apatikanaye Tanzania, alipewa jina la kitaalamu Pelomedusa kobe, kwa heshima ya neno letu la Kiswahili.

Sheria

Watu husema kwamba kobe akiinama anatunga sheria. Lakini ipo sheria iliyotungwa kwa ajili yake. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, haifai mtu kumchukua mnyama wa porini na kumfuga bila kibali. Atakaye kufuga hana budi kwenda kwanza katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, na kuuliza.

Asiwepo wa kusema kwamba kobe ni mnyama mdogo asiyehesabiwa. Mwezi wa Mei 2025, mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya sisimizi tu, ambao watu wa ng'ambo huwanunua ili kuwafuga. Ikiwa mdudu analindwa hivyo, je, kobe?

Wala asidhani mtu kwamba atakwepa kwa kununua kobe wa kigeni. Yuko kobe wa Marekani mwenye alama nyekundu kando ya kichwa, aliyeuzwa duniani kote akiwa mdogo kama sarafu. Huishi miaka 20 na zaidi, huwa mkubwa, na wenyewe wakichoka humtupa mitoni, naye huwanyang'anya wenyeji chakula na mahali pa kuota jua. Ulaya ilikataza kumwingiza mwaka 1997.

Maji na afya

Sasa tufanye hesabu. Kidimbwi cha urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha nusu mita huchukua lita 1,500, yaani mitungi 75 ya lita 20. Nyumba ambayo mama huteka maji mbali haina nafasi ya anasa hiyo. Lakini paa la mita za mraba 100 hukusanya kiasi hicho hicho katika mvua ya milimita 15. Basi mwenye mabati na mfereji aanze hapo.

Ukingo mmoja uteremke polepole, ili kila kiumbe kiingiacho kiweze kutoka. Pawe na jiwe la kuotea jua na kivuli cha mgomba. Viluwiluwi vya mbu vivuliwe kila juma, na ua uzuie watoto wadogo, kwa kuwa nusu mita ya maji yatosha kumzamisha mtoto. Maji machafu yamwagiwe migomba, si mboga zinazoliwa mbichi. Kobe huchukua vijidudu viletavyo homa na kuhara. Ndiyo sababu Marekani ilikataza mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wa kuchezewa. Aliyemgusa aoshe mikono kwa sabuni.

Kwa maoni yangu, njia iliyo njema ni hii: chimba kidimbwi, usimkamate mtu wake. Vyura watakuja, ndege watakuja, na ikiwa bwawa li karibu, huenda usiku mmoja wa mvua kobe naye akafika kwa miguu yake. Akija, watoto wamtazame bila kumshika. Akiondoka, mwache aende. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone.