Bustani ya mboga kwa ndugu asiyeweza kuinama



Katika parokia zetu wako ndugu na dada wenye ulemavu wa miguu, na wazee ambao magoti hayawaruhusu tena kuinama. Wengi walikuwa wakulima. Leo wanapokea chakula kwa mkono wa wengine.

Katika 2 Samweli 9, Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili, alipewa nafasi kwenye meza ya mfalme, na shamba lake likalimwa na Siba pamoja na wanawe na watumishi. Hilo lilikuwa jema. Lakini kati yetu wako wasiotaka kulishwa tu. Wanatamani siku ya sadaka ya mavuno walete fungu la lenga-lenga walilopanda wenyewe. Tunaweza kuwasaidia bila gharama kubwa.

Tuanze kwa kumuuliza mwenyewe. Aketi kama anavyoketi siku zote, anyooshe mkono, nasi tupime anapofika bila kujikaza. Kipimo hicho ndicho cha kwanza.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, tuta liinuliwe sentimita 60 hadi 70. Akilifikia upande mmoja tu, upana usizidi sentimita 60. Akizunguka pande zote mbili, 120. Lakini yule anayeshuka kwenye baiskeli yake ya mkono na kufanya kazi ameketi chini anahitaji tuta la sentimita 20 hadi 30 tu. Tukimjengea refu, tumemfungia nje. Anayetembea kwa magongo tumwekee benchi kando ya tuta, na mahali pa kuegemeza magongo yake.

Goma mawe ya volkano ni mengi, na yanafaa kwa ukuta wa tuta. Kwa kuwa yanakwaruza ngozi, juu yake tuweke ubao laini. Ndani, chini tujaze mawe madogo, kisha udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi, angalau sentimita 30. Chukudu italeta udongo huo.

Bukavu, penye miteremko, tutafute mahali tambarare karibu na nyumba. Njia ikilazimika kupanda, kila mita 1 ya kimo ipewe mita 12 za urefu. Upana wake uwe mita 1, na mwishoni mita 1 na nusu za kugeuzia kiti. Ishindiliwe vizuri, gongo lisizame wakati wa mvua.

Pasipo nafasi, gunia moja linatosha: katikati nguzo ya mawe madogo ya kupitisha maji, pembeni udongo, na miche katika matundu ya ubavuni. Aliyeketi anavuna bila kuinama.

Tusisahau maji. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Yafaa tumpe kidumu cha lita 3 na pipa lililo karibu. Tuta lililoinuliwa hukauka haraka, basi lifunikwe kwa majani makavu. Tuanze na lenga-lenga, ambayo huvunwa baada ya wiki chache, halafu vitunguu na karoti.

Vijana wa parokia wanaweza kubeba mawe na udongo kwa siku moja au mbili. Baada ya hapo, kupanda, kuvuna, na kuamua ni jirani yupi atapewa fungu la mboga, tumwachie mwenye bustani.