Mvua ya Nani? Sala ya Jamii Kakuma na Lodwar

Mfugaji wa Kiturkana wa Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, akiomba mvua, jirani yake wa kambi ya wakimbizi ana sababu ya kusita kabla ya kuitikia amina. Tatizo ni laga, yaani mto wa msimu, ya Tarach. Inateremka kutoka vilima vya upande wa Uganda, inapita kando ya mji na kambi, kisha inaelekea kaskazini na kupotelea kwenye uwanda wa Lotikipi. Miezi mingi ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha huko vilimani, hata kama Kakuma hakujadondoka tone, maji huja kwa kishindo na kubomoa nyumba za matofali ya udongo za wakimbizi. Malisho ya mmoja, mafuriko ya mwingine.

Waturkana wana sala yao, akigat. Wazee hukaa nusu duara kufuata marika yao, na mmoja husimama akitaja moja moja: maji, mifugo, watoto, amani. Waliokaa huitikia kwa sauti moja, kana kwamba yanayoombwa yameshafika. Naona uzito wa sala hii uko katika kutaja. Haiishii kwenye “baraka” za jumla. Kila kitu kina jina, na aliyeitikia amesikiwa na wenzake. Lakini tusiitukuze kupita kiasi. Baraka za aina hiyo ziliwahi pia kuwasindikiza vijana waliokwenda kupora ng’ombe. Kinachopaswa kubadilika si namna ya kuomba bali orodha ya wanaoombewa.

Mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland walifika Turkana mwaka 1961, wakati wa njaa, na kanisa lililokua Lodwar likachimba visima huku likisali. Kiu haikuisha. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya Lotikipi kuna bahari ya maji. Vipimo vya baadaye vikakuta chumvi. Mtu aliyelikabidhi tumaini lake tangazo lile alibaki mikono mitupu, wakati visima vidogo vya vijijini viliendelea kuhitaji mafundi na vipuri.

Katika kambi hiyo ya Kakuma, iliyoanza mwaka 1992, ombi kubwa kwa miaka mingi lilikuwa kuondoka kwenda kuishi nchi nyingine. Ni haki ya mtu, ila ni vigumu kuliombea kwa dhati eneo unalolihesabu kituo cha basi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na mwaka huohuo mgawo wa chakula ukapunguzwa. Maumivu hayo hayakuishia kambini. Wapo akina mama wa Kiturkana wanaouza kuni na makaa kambini na kulipwa kwa unga au mahindi. Mgawo wa mkimbizi ukipungua, sufuria ya mama huyo nayo inapungua. Basi mgawo wa jirani unastahili kutajwa katika akigat, na malisho ya Waturkana yatajwe katika ibada za Kiswahili za Wakongomani na Warundi walioko kambini.

Waislamu nao wana dua ya zamani ya kuomba mvua iliyozidi ielekezwe vilimani na mabondeni, isiwaangukie watu. Ni dua yenye busara, lakini kwa Tarach haitoshi, kwa kuwa mvua ya vilimani ndiyo inayobomoa. Anayeiombea Kakuma nzima itambidi aombe mvua hiyo, na papo hapo aombe, na asaidie, waliojenga kingoni mwa laga wahame kabla ya mvua za Machi.