Mbu wa Mchana Aliyemo Majumbani Mwetu



Sisi tuliolelewa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam tulifunzwa tangu udogoni kwamba mbu ni adui wa usiku. Jua likichwa madirisha yalifungwa, chandarua kikashushwa, na watoto wakaitwa ndani. Mafunzo hayo yalikuwa ya haki, kwani mbu aenezaye malaria huuma usiku. Lakini hapa Maskati yuko mbu mwengine, na desturi zile peke yake hazitoshi kutukinga naye.

Mwishoni mwa mwaka 2018 iligunduliwa hapa Maskati homa ya dengue iliyowapata watu ambao hawakusafiri nje ya nchi. Januari 2019 Wizara ya Afya na Manispaa, yaani Baladia, zilianza kampeni ya kumwangamiza mbu aienezaye homa hiyo katika wilaya za Seeb na Bausher. Mwaka 2022 wagonjwa walipatikana tena.

Maradhi ya namna hii si mageni kwa watu wa lugha yetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja karne ya kumi na tisa, aliandika habari za homa yenye maumivu makali ya viungo iliyoenea kisiwani mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Wapo wataalamu wanaoona kwamba neno dengue lenyewe lilitokana na jina hilo. Na Dar es Salaam ilikumbwa na dengue mwaka 2014, kisha mwaka 2019. Kwa hiyo sisi tunaokwenda na kurudi kila likizo tuna sababu mbili za kujihadhari: tusiambukizwe huko, na tusiyachukue maradhi tukayaleta kwa jirani zetu hapa.

Mbu huyu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Aedes aegypti, ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri hadi karibu na magharibi. Hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na huyabandika mayai yake ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, na maji yakiyafikia huanguliwa. Wakati wa joto, yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Tena mbu huyu haruki mbali. Amwumaye mtoto uani, aghalabu amezaliwa ua huo huo au wa jirani.

Ndiyo maana gari la kupulizia dawa haliwezi kutumaliziwa kazi yetu. Dawa ile huwaua mbu wanaoruka, ila mayai hubakia.

Tunapendekeza kila nyumba iitenge Ijumaa asubuhi, wakati wote wapo nyumbani. Vimwagwe visahani vya chini ya vyungu vya maua, ndoo, makopo, vyombo vya maji ya ndege, na maji yadondokayo kutoka kwenye viyoyozi. Chombo kisimwagwe tu, bali kisuguliwe kwa brashi ili mayai yabanduke. Matangi ya juu ya paa yafunikwe barabara, na mabomba ya kutolea maji yanayozidi yafungwe wavu mwembamba. Matairi ya zamani yatupwe. Wakaao katika majengo ya pamoja wapeane zamu ya kukagua paa. Mtoto alalaye mchana naye atiwe ndani ya chandarua.

Homa ya ghafla, kuumwa na kichwa, maumivu nyuma ya macho na katika viungo, na vipele, ni dalili za dengue. Mgonjwa apelekwe kupimwa, na daktari aambiwe kama alisafiri. Anywe maji kwa wingi, na homa itulizwe kwa parasetamoli. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwani huzidisha hatari ya kutoka damu. Alale katika chandarua hata mchana, ili mbu asimwume akawapelekea wengine.

Jambo moja tunalisisitiza kwa wazazi: homa ikishuka, msidhani hatari imekwisha. Ni wakati huo ambapo wagonjwa wachache hubadilika ghafla. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoka damu, au akilegea kupita kiasi, apelekwe hospitali papo hapo. Aliyewahi kuugua dengue awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa virusi vyake ni vya aina nne, na kuugua mara ya pili kwa aina nyengine huweza kuwa kuzito zaidi.

Baladia haiwezi kuingia kila ua kila wiki. Mwenye ua anaweza, na kazi yenyewe haizidi nusu saa. Tuianze Ijumaa hii, inshallah, na tumgongee na jirani.