Kompyuta ya Mzani na Seva Mpya

Ukitoka Vwawa kuelekea mpakani Tunduma unapita Mpemba, na kuanzia hapo barabara ya TANZAM hujaa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Pembeni yapo maghala ya mahindi na mchele, na baadhi yana mzani wao wenyewe wa kupimia lori zima na mzigo wake. Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta na mitandao ya ofisi. Katika maghala haya kompyuta ya mhasibu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini ile ya kwenye kibanda cha mzani hakuna anayeigusa.

Ipo sababu ya kutoigusa. Kwenye ghala moja ninalolihudumia, kompyuta ya mzani inatumia Windows XP, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2001 na kuacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Nyuma yake kuna tundu la pini tisa linalopokea waya kutoka kwenye kisanduku cha kuonyesha uzito. Kwenye tundu refu la printa za zamani kimechomekwa kidude cha leseni, na kidude hicho kikichomolewa programu ya mzani haifunguki. Kompyuta nyingi mpya madukani hazina matundu hayo mawili. Kuiondoa mashine hii maana yake ni kununua programu nyingine na pengine kisanduku kingine cha uzito, kisha kuita wapimaji waukague mzani upya. Wakati huohuo malori hayasubiri. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na mwenye ghala anataka kuwa na hakika na uzito kabla lori halijafika kwenye mizani ya serikali.

Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mahindi ya Tanzania yakatafutwa sana upande wa pili. Tiketi za mzani ziliongezeka. Mhasibu alikuwa akizipata kwa flashi: kijana anatoka kibandani, anavuka uwanja, anachomeka ofisini, anarudi. Flashi ileile ilibeba virusi vya kuficha mafolda na kuacha njia za mkato. Mwenye ghala akanunua seva ya faili, kisanduku kidogo chenye diski mbili, akaniita nivute kebo hadi kibandani ili tiketi ziingie moja kwa moja.

Mzee anayeendesha mzani alinitazama nikichomeka kebo. "Mwanangu, mashine hii ina kosa gani? Uzito inasoma sawasawa."

"Haina kosa, mzee. Nataka tu iongee na wenzake ofisini."

Kebo yenyewe haikuwa na tatizo. Nilipotuma amri ya ping kutoka XP kwenda seva, majibu yalirudi haraka. Lakini nilipojaribu kufungua folda ya seva, XP ilisema njia ya mtandao haikupatikana. Hapa ndipo watu wengi huanza kubadilisha kebo na swichi, na kununua vitu visivyohitajika. Ping ikijibu, waya na anwani viko sawa. Tatizo liko juu zaidi, kwenye lugha ambayo kompyuta hutumia kuombana faili.

Lugha hiyo inaitwa SMB. Ilianzia IBM miaka ya 1980, kwa kazi ya Barry Feigenbaum, kisha Microsoft wakaichukua na kuikuza. Windows XP inajua toleo la kwanza tu. Toleo la pili lilikuja na Windows Vista, la tatu likaja na Windows 8 mwaka 2012. Kwa miaka mingi seva mpya ziliendelea kuelewa toleo la kwanza, kwa hiyo ofisi hazikuona tofauti. Mambo yalibadilika tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu mbaya iitwayo WannaCry ilianza kusambaa duniani ikifunga faili za watu na kudai fedha ili zifunguliwe, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa. Ilipita kwenye tundu lililokuwa ndani ya toleo la kwanza la SMB, tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake miezi miwili kabla. Mwaka huohuo Windows 10 mpya zikaanza kutoka bila toleo hilo. Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992 na inayoendesha visanduku vingi vya kuhifadhia faili, ikalizima katika mipangilio yake ya awali mwaka 2019. Kwa hiyo seva ya mwenye ghala iliisikia XP ikibisha hodi, ikasikia lugha iliyozimwa, ikanyamaza.

Kuna kizingiti cha pili kinachopoteza muda wa mafundi wengi. Hata lugha ikieleweka, XP kwa kawaida hutuma nywila kwa utaratibu wa zamani ambao seva za sasa hukataa. Mtu anaandika nywila sahihi, anaambiwa si sahihi, anaibadilisha, anaambiwa hivyohivyo. Dawa yake ipo ndani ya XP yenyewe: inaweza kuamriwa itumie NTLM toleo la pili, kwenye mipangilio ya usalama. Ni jambo la kubadilisha namba moja na kuwasha upya.

Sasa, kwenye ukurasa wa mipangilio ya seva kuna mahali pa kuchagua toleo la chini kabisa la SMB linalokubaliwa. Ukichagua la kwanza, XP inaingia papo hapo, na kila mtu anafurahi. Naelewa kwa nini mafundi hufanya hivyo. Mteja amesimama pembeni na lori liko kwenye mzani. Mimi sikubali. Seva hiyo hiyo ina mishahara, mikataba ya wanunuzi na nyaraka za forodha, ambazo maofisa wanaweza kuzidai hadi miaka mitano baadaye. Ukifungua toleo la kwanza, umelifungua kwa kompyuta zote za ofisi, ikiwemo laputopu ya mgeni aliyepewa Wi-Fi, kwa ajili ya mashine moja tu ya kibandani. Tena mashine hiyo haipati viraka vipya, na haifai hata kuonana na intaneti.

Nilichofanya ni kuweka mkalimani katikati. Tulipata kompyuta ya mtumba, nikaisafisha, nikaiongezea kadi ya pili ya mtandao na kuweka Linux ya Debian, ambayo hailipiwi. Kadi moja imeunganishwa na XP kwa kebo yake peke yake, bila swichi. Kadi ya pili inakwenda kwenye mtandao wa ofisi. Upande wa XP, Samba inakubali toleo la kwanza, na ina folda moja tu. Upande wa ofisi toleo hilo halipo kabisa. Kila baada ya dakika chache mashine ya kati inachukua tiketi mpya na kuzipeleka kwenye seva kwa toleo la tatu, ikitumia akaunti inayoruhusiwa kuandika kwenye folda ya mzani na si pengine. Haipitishi kitu kingine kati ya kadi zake mbili, hivyo XP haiwezi kuifikia seva, wala seva haiwezi kufikiwa kupitia XP. Kirusi kikiingia kibandani kitabaki kibandani.

Kabla ya yote hayo nilitoa nakala kamili ya diski ya XP. Ilikuwa diski ya aina ya zamani, yenye waya mpana, na hapa Tunduma kuipata nyingine nzima si rahisi. Umeme wetu hukatika, na diski ya umri ule inaweza isiamke siku yoyote. Nimeshaona ofisi zinazotumia nguvu nyingi kuunganisha mashine ya zamani na mtandao huku zikisahau kwamba mashine yenyewe haina nakala.

Vitu vidogo vilikuja baadaye. Betri ya kwenye ubao mama ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika kompyuta ilirudi miaka mingi nyuma, na tiketi za leo zikawa na tarehe za wakati ambao ghala lenyewe halijajengwa. Betri hiyo ni ya duara, namba CR2032, inauzwa kwenye maduka ya saa. Pamoja na kuibadilisha, nimeiagiza XP ichukue saa kutoka mashine ya kati kila inapowaka. Jambo la pili liligusa majina ya faili. Programu ya mzani hutaja tiketi kwa herufi nane tu, na mwaka ukianza hesabu hurudi moja. Flashi ilikuwa ikifuta tiketi za mwaka uliopita kimyakimya kwa kuandika mpya zenye jina lilelile juu yake. Sasa mashine ya kati huziweka kwenye folda ya mwaka na mwezi, na inakataa kuandika juu ya faili iliyopo.

Mzee wa mzani hajabadilishiwa kitu. Anabonyeza alichozoea kubonyeza, tiketi inatoka kwenye printa yake yenye karatasi za nakala, na mhasibu anaiona ofisini lori likiwa bado linashuka mzanini.

Kidude cha leseni bado ndicho kinachonipa wasiwasi. Hakina nakala, na siku kikifa programu itafungwa nacho. Kwa bahati programu hiyo huhifadhi kumbukumbu zake kwa mtindo wa dBase, ambao LibreOffice huufungua bila leseni yoyote. Miaka yote ya nyuma nimeshaigeuza kuwa majedwali ya kawaida na kuyaweka kwenye seva, na mwaka huu unageuzwa kila Jumamosi jioni mzani unapofungwa.